Mlango wa Stoo

Mjukuu wangu fundi,

Nimempeleka mbuzi mwenye mimba kwa daktari wa mifugo, tumbo limemjaa kama ngoma. Alfajiri aliingia stoo akabugia pumba, maana mlango uliung'oa jana ukatengenezea hori la kuwalishia. Hori zuri kweli, ila mlango nao ulikuwa na kazi yake!

Wengine wape majani makavu tu, na maji. ~~Bomoa hori, urudishe mlango.~~ Liache, umelitolea jasho. Vunja kitanda cha marehemu babu yako utengeneze mlango mwingine, mbao zake bado ngumu. Misumari nyoosha ncha kwanza ndipo uing'oe, mbao zisipasuke, na uiokote yote wasije wakaimeza.

Nimechoka kukipangusa vumbi kitanda kisicholaliwa. Ubao wa kichwani uweke karibu na komeo, niushike kila nikifungua.

Bibi yako