Kifo cha Habiyaremye Katika Gereji ya Magari Saba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Gisenyi, Wilaya ya Rubavu
Tarehe 14 Juni 2024, saa 9.50 alasiri
Jina: Claudette Mukagasana. Umri: miaka 47. Kazi: mshonaji wa sare za shule. Makazi: Goma, Kongo. Mjane.

Nilivuka mpaka jana kumtembelea shemeji yangu Igor, dereva wa basi dogo, mkazi wa Mbugangari. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, Munyaneza.

Mnamo tarehe 14 Juni, yaani leo, saa nne na nusu asubuhi, Igor alinipeleka kwenye nyumba moja kando ya ziwa, barabara ya Rubona. Mwenye nyumba anaishi Ulaya na ameweka pale magari saba ya mbio, ya aina adimu. Mtunzaji wake, Habiyaremye, anasali na Igor. Alikubali tuyaone kabla bosi hajarudi kesho.

Gereji imechimbwa ndani ya mwamba, chini ya nyumba. Tuliteremka. Habiyaremye alisema amezima feni ya hewa tangu Jumatatu, kwa sababu ilikuwa inaleta vumbi la kiangazi juu ya magari.

"Mama, ile pete ya kidole tia mufukoni, isikwaruze gari," aliniambia. "Hii rangi inapita bei ya kanisa yetu muzima."

Tulicheka.

Gari la mwisho lilikuwa la kijani. Paa lake lilinifika kiunoni. Kando ya gurudumu niliona mbayuwayu wawili na mjusi, wamekufa, hawana jeraha. Kwetu, upande wa Sake, kuna hewa mbaya inayotoka ardhini, tunaiita mazuku. Haina harufu. Ni nzito, hulala chini. Aliyesimama haimpati, aliyekaa humuua. Ndiyo iliyomchukua Munyaneza mwaka 2019, alipokaa bondeni apumzike. Nilimkuta ameegemea jiwe, kizibo cha chupa ya chai kiko mkononi. Lakini gereji ilikuwa na vigae vyeupe na taa. Nilidhani mazuku ni mambo ya porini. Tena nilikuwa mgeni. Sikusema.

Igor aliomba kukaa ndani ya gari.

"Bon, dakika moja. Usiguse kitu," Habiyaremye alisema.

Kiti cha gari lile kiko karibu na sakafu, mtu ni kama analala.

"Shemeki, nipige picha. Si mi nafanana na mutu wa mali?" Igor aliniambia.

Nilipokuwa nafungua simu, alinyamaza. Kichwa kiliangukia usukani.

Nilisema, "Ni mazuku. Usiiname."

"Amezimia tu, mama," Habiyaremye alijibu, akapiga magoti amvute. Hakuinuka.

Nilivuta pumzi nikiwa nimesimama, nikaibana, nikainama. Nilimshika Igor kwapani. Nilishindwa mara mbili. Mara ya tatu alitoka, nikampandisha mgongoni kama mzigo wa soko hadi nje. Alikuwa anakoroma.

Nilirudi kumchukua Habiyaremye. Nilifika juu ya mteremko. Niliviona viatu vyake. Nilisimama nikiviangalia, sikushuka.

Nilipiga kelele. Wavuvi wawili walikuja na ndoano ndefu ya mtumbwi. Niliwaambia wasiiname, wakamvuta wakiwa wamesimama. Alikuwa ameshakufa. Askari walifika baadaye, wakasema labda ni sumu. Hatukula wala kunywa kitu pale, na hakuna aliyegombana. Igor yuko hospitali, anapumua, hajasema neno.

Sasa umeniambia askari wako wawili wako kule, wanapima sakafu na kupiga picha chini ya gari. Naogopa. Naomba uweke kalamu chini, uwapigie. Waambie wasipige magoti.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, ni maneno yangu.

(Sahihi) C. Mukagasana

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Rugwiro, kwa Kiswahili kama alivyosema shahidi. Niliacha kuandika saa 10.35 jioni nikapiga simu. Haikupokelewa mara mbili. Mara ya tatu alipokea askari mmoja, alikuwa nje, mwenzake bado yuko chini. Nilimwagiza amwite bila kushuka. Alimwita. Nilisikia mwenzake akiitika kutoka chini.