Vyura Ulioniagiza

Mjukuu wangu, mke wangu Zaina,

Marahaba. Huku Bumbuli tu wazima. Bibi yako amebakiwa na meno matatu, na yote ananitolea mimi.

Umeomba nikurekodie kwa simu vyura wa bondeni kwa ajili ya masomo yako, na umeuliza walikuwa aina ngapi. Sikuwahesabu. Mama yangu ndiye aliyewajua kwa sauti. Yule mdogo wa migombani akianza kulia, mama anapanda maharage.

Tulipofyeka msitu kwa ajili ya shamba la ujamaa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kushika shoka. Mama akasimama kwenye chemchemi.

"Mkikata hapa, nitapanda kwa kumsikiliza nani?"

"Tumeshapata uhuru, mama, chura wa nini? Sikiliza redio."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikajiona waziri.

Miti ikaisha, chemchemi ikakauka, na ule ukungu uliotulowesha nguo kila asubuhi ukapanda juu usirudi. Mama akapanda kwa redio. Maharage yakaungua na jua, naye hakunisema hata siku moja.

Jana mvua ilipokatika nilikaa bondeni na simu mpaka makalio yakafa ganzi. Nimekutumia nilichopata: kimya kitupu. Kile kinachosikika mwishoni usiwapelekee walimu wako. Si chura, ni babu yako anakohoa.