Mama, Jibu la Mama Ndeshi Limekuja

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini wewe ndiye uliyenilea nikijua kwamba mtu anayetanguliza shida yake kabla ya salamu hakufunzwa kwao, na sitaki ukasirike mapema. Ya kukukasirisha yapo mengi huko mbele.

Jibu la Mama Ndeshi limekuja. Ndilo lile ulilolingoja hadi ukanitaka nigeuze kitanda kitazame geti. Nitakuambia alichosema, lakini ngoja kwanza. Nianze na habari za barabara, maana na hiyo ulikuwa ukiiita yako.

Barabara ya Ghala haipo tena. Walikuja vijana na kopo la rangi nyekundu, wakapiga X kwenye kila ukuta, kuanzia bucha hadi ghala la kahawa kule mwisho. Wakasema maduka yote yamo ndani ya hifadhi ya barabara. Mzee Anaeli, yule fundi cherehani jirani yako, aliwauliza hiyo hifadhi imeanza lini, kwani yeye alirithi kibanda chake kwa baba yake wakati hapo ni njia ya mbuzi. Wakapiga X yake na kusogea ukuta unaofuata. Greda lilipokuja, duka lako halikusumbua. Unakumbuka ulivyombana fundi na saruji, ukisema hutaki kumpa nafasi ya kuiba? Ukuta ulianguka hata kabla haujaguswa vizuri. Pale palipokuwa na kaunta sasa ni mtaro, na kando ya mtaro kijana amekaa chini ya mwavuli anauza vocha za simu. Mabasi ya Moshi yanapita mbio, hayana sababu ya kusimama.

Watu walitoka kutazama. Hakuna aliyelia. Mwanamke mmoja alipiga makofi mawili hivi, halafu aliponiona akajifanya anapangusa vumbi mikononi.

Wanangu hawaamini nikiwaambia kwamba pale siku ya soko mtu alikuwa anakanyagwa. Wanawake wakishuka na mikungu ya ndizi vichwani, wanaume wakitoka kupima kahawa ghalani na hela mfuko wa koti, wakipita kwanza kwa mwenye bucha, halafu kwa Mzee Anaeli barazani kupimwa suruali, halafu kwetu. Duka letu lilinuka mafuta ya taa na sabuni ya mche, harufu ambayo hadi leo nikikutana nayo naangalia kama madaftari yangu yako safi. Na wewe nyuma ya kaunta, mikono umekunja, kilemba kimekaa sawasawa.

Miaka ile sukari ilikuwa ya mgao, sabuni ya mgao, hata khanga ya mgao, na mgao wa kijiji kizima ulishukia kwako. Mtu akiuliza sukari ulikuwa unaitazama rafu kana kwamba na wewe umeshangaa. “Imeisha asubuhi hii hii, mwanangu.” Akizidi kubembeleza unamwambia, “Mtaka cha uvunguni sharti ainame,” unacheka, na yeye anacheka kwa sababu anahitaji sukari. Wengine waliinama kweli. Walileta kuku, walileta maziwa kwenye vibuyu, walileta ndizi zile nzuri za mtori. Hatukuwahi kufuga kuku, Mama, na hatukuwahi kukosa kuku.

Najua utakavyojitetea. Mgao ulikuwa mkononi mwa bwana mmoja wa mjini, na mke wake asipopata mzigo wake kwa mlango wa nyuma, mwezi unaofuata gari lingepita bila kusimama. Baba alishafariki, sisi watoto tulikuwa bado wadogo, na hakuna shemeji aliyeuliza tunakula nini. Hayo yote ni kweli na nimewaambia wanaokusema. Lakini pia ulifurahia. Nilikuwa naona uso wako. Mtu akisimama mbele ya kaunta kofia mkononi, ulikuwa unapendeza.

Halafu akaja Mama Ndeshi. Mumewe alikuwa mpimaji pale ghalani, mtu mpole, alikuwa ananibebea ndoo nikitoka mferejini. Alifariki ghafla, na asubuhi yake mjane akaja dukani na khanga yake ya msiba kuomba sukari ya chai ya waombolezaji. Sukari kidogo tu, kwa sababu watu wanatoka mbali, wengine Sanya Juu, na hawezi kuwapa maji matupu. Ulimpa pole. Ukamwambia akae kwenye benchi la barazani, gari la mgao liko njiani.

Alikaa. Mimi nilitoka shule nikapita pembeni yake, nikamwamkia, nikaingia stoo kufanya hesabu zangu. Kiti changu kilikuwa gunia la sukari. Lilikuwa limejaa, na ulikuwa umelifunika na turubai. Mchana mke wa yule bwana wa mjini aligonga mlango wa nyuma, ukaniambia nisimame kidogo, ukampimia, ukafunga gunia, nikakaa tena. Mama Ndeshi alikuwa bado barazani, ukuta mmoja tu katikati yetu. Jua liliposhuka ulitoka ukamwambia gari halikuja. Alisema, “Aika mae,” asante mama, akajifunga khanga akaondoka.

Kesho yake ulikwenda mazikoni. Wakakupa kikombe cha chai kama wengine wote. Walikuwa wametia chumvi, kama watu walivyofanya siku hizo sukari ikikosekana, ili angalau kinywa kipate kitu. Ukainywa yote. Ukasema, “Poleni sana, haya maisha yamekuwa magumu.” Nilikuwa nimesimama nyuma yako nimeshika mkoba wako.

Hawakukufanya kitu. Hilo ndilo lililokudanganya. Ulidhani wamesahau, kumbe aliye juu mngoje chini, na wao walikuwa na muda.

Enzi ya ruksa ilipofika, biashara ikaachiwa huru, vitu vikaja kama mvua ya masika. Wanawake wakaanza kwenda Holili mpakani na kurudi na mafuta ya mgando, sabuni za kunukia, dawa za meno, wakatandaza magunia chini siku ya soko. Mitumba ikaja, Mzee Anaeli akabaki kushona viraka na sare za shule. Wanunuzi wa kahawa wakaja na malori yao hadi mlangoni kwa mkulima, ghala likabaki la popo, na bei iliposhuka watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Na wewe ukajaza duka. Sijawahi kuliona limependeza vile. Sukari ilikaa wazi juu ya kaunta kwenye gunia lililokunjwa mdomo, kila apitaye aione.

Wakapita. “Shikamoo Mama Aika.” “Marahaba, karibu.” “Aika mae, nitapita kurudi.” Wakarudi na sukari ya mahali pengine. Nilimwona mtu akishuka kilima chote kwenda kununua kiberiti, mvua inanyesha, na viberiti vyako vinaonekana kutoka njiani. Ukapunguza bei. Wakasalimia kwa heshima zaidi. Ukaanza kuwapa watoto pipi za bure, na ile siku siisahau, mtoto mdogo wa darasa la kwanza alirudi na pipi yake haijafunguliwa, akaiweka juu ya kaunta, akasema, “Mama amesema asante.” Uliichukua ukairudisha kwenye chupa. Jioni ulinichapa kwa ajili ya sufuria iliyoungua, sufuria uliyoiunguza mwenyewe.

Mama, kuna siku nilikuonea huruma hadi nikashindwa kukaa nyumbani. Nadhani ndiyo maana niliolewa Bomang'ombe haraka vile, na mume mwenyewe unamjua alivyo. Ulibaki unafungua mlango kila asubuhi, unapangusa rafu, unafunga jioni. Miaka. Maduka mengine yalikufa kwa sababu ya biashara. Lako waliliua kwa miguu, kwa kupita tu.

Kiharusi kilipokuangusha nikarudi kukuuguza. Hukuwa mtu wa kuomba, kwa hiyo nilishtuka uliponiambia nikachume jani la isale, ule mmea wa mpaka wa shamba letu. Kwetu isale halikataliwi. Hata aliyeua akilileta limefungwa fundo kuomba radhi, aliyekosewa analazimika kumpa neno. Mkono wako mmoja ulikuwa umekufa, nikataka kukufungia lile fundo, ukanisukuma. Ulilifunga kwa mkono mmoja na meno. Ukasema, “Mpelekee Mama Ndeshi. Mwambie ni mimi.”

Nilimkuta anapukuchua maharage. Alipangusa mikono, akalipokea jani kwa mikono miwili, akalitazama lile fundo lenye alama za meno yako, akalichomeka juu ya mlango wake. Akasema, “Aika, mwanangu. Mwambie jibu nitamletea mwenyewe.”

Nilirudi mbio kukuambia, mjinga mimi. Ukataka kuoga. Ukataka ile khanga mpya. Ukataka kitanda kigeuzwe. Kuanzia hapo mbwa akibweka, unauliza, “Ni yeye?” Mbuzi wa jirani akisugua mgongo kwenye geti, “Ni yeye?” Nilipika mtori wa kumkaribisha, ukaharibika, nikapika mwingine. Mara mbili nilikwenda kwake kumkumbusha, akanipokea vizuri, akanipa ndizi za kukuletea. “Nitakuja, mwambie nitakuja.” Kutoka kwake hadi kwetu ukiita unasikika. Subira huvuta heri, wewe ilikuvuta kaburini. Neno lako la mwisho lililoeleweka ni hilo hilo swali, na mimi nilisema hapana, ni upepo.

Kwenye msiba walikuja wote, sijawahi kuona watu wengi vile katika kihamba chetu, kati ya nyumba na migomba. Kila mwanamke wa Barabara ya Ghala alikuja na pakiti ya sukari. Wakazipanga juu ya meza ya sebuleni, moja juu ya nyingine, na kila aliyeweka alinishika mkono akasema pole. Mama Ndeshi ndiye aliyeshika jiko. Chai ikaletwa. Mchungaji alikunywa funda moja, akakitazama kikombe, akatutazama, akaendelea kunywa. Ilikuwa ya chumvi. Mjomba alinong'ona kwamba mpishi kachanganya makopo. Vijana waliotoka Dar walimwaga zao migombani. Wale wa Barabara ya Ghala walikunywa zote, polepole, wananitazama, na mimi nikanywa yangu yote, kwa sababu nilijua ni ya nani.

Pakiti haikufunguliwa hata moja.

Tuliondoa tanga, watu wakatawanyika. Mama Ndeshi alibaki kunisaidia kuosha masufuria. Tulikuwa tumeinama wawili kwenye majivu na maganda ya ndizi, sikumwangalia, nikamwuliza kwa nini hakuja. Wewe ungeuliza kwa maneno makali, mimi niliuliza huku nikisugua.

Haya, jibu lako ni hili, nalileta kama alivyolisema. “Mama yako? Nilishamsamehe kitambo, mwanangu. Hata kabla ya wewe kuleta isale, nilikuwa nimeshachoka kumchukia. Nilitaka tu na yeye angoje kidogo.” Akasugua sufuria. “Sikujua atakufa haraka.”

Kidogo. Nilimchukia, Mama, pale pale na majivu mikononi, kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nikakuchukia na wewe, kwa sababu uso wake alipokuwa akisema ulikuwa umependeza. Nimeujua ule uso tangu nikiwa mtoto. Angetembea tu. Angesimama getini tu, asiseme hata neno, ungefumba macho mwenyewe. Na wewe ungefungua tu gunia, nikasimama kidogo, ukampimia.

Kwa hiyo umesamehewa. Ulikuwa umesamehewa siku zote zile ulizolala unatazama geti. Nimekuzungusha kurasa zote hizi kabla ya kukuambia, ingawa ningeweza kulisema mstari wa kwanza. Nimeogopa nilipoliona hilo.

Ile sukari niliigawa kwa wapita njia wasiotufahamu, wa barabarani kule chini. Masale ya kaburi lako yameshika, nimeyapanda mwenyewe pande zote nne. Eneo la duka serikali haikulilipia, usiulize.

Lala salama, Mama. Mimi nakupenda, na siku nyingine nakupenda kwa meno yaliyokazwa. Nakuahidi jambo moja tu, kwa sababu mengine siyawezi. Mtu akija kwangu na isale, awe nani, nitampa jibu lake akiwa bado amesimama mlangoni. Mama Ndeshi ni mgonjwa sasa, nasikia miguu imevimba. Leo mwanawe alinisimamisha sokoni akaniuliza kama kesho nitakuwa nyumbani, kuna kitu mama yake anataka kunitumia. Nimemwambia asimtume mtu. Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe.

Mwanao,
Aika