Kibuyu cha Samli

Songambele, 4 Machi 2023

Tata,
Shikamoo. Sisi hapa wazima, mvua imeanza na migomba imenyanyuka. Kifua chako je?

Mume wangu Projest anakuletea kibuyu cha samli. Mama mkwe kasukasuka maziwa mwenyewe, hataki msaada. Miaka yote uliyokataa kukanyaga hapa kwa kuwa sisi Walutheri, alikuwa haniiti hata jina. Sasa umekubali samli ya nyumba yake, naitwa mwanangu! Kula, Tata.

Binti yako,
Stephania

Chonyonyo, 21 Machi 2023

Mwanangu Stephania,
Marahaba. Mimi sijambo, mama yako anakohoa kidogo tu. Kifua nilikwenda kupima, nimepewa vidonge, usihangaike.

Samli tamu sana. Hata jirani yetu Nolasco kaisifia. Mwambie mama mkwe wako tumeshukuru mno.

Tata yako

Songambele, 2 Juni 2023

Tata,
Shikamoo. Mbona kimya? Natumaini hamjambo.

Ulivyosifia, mama mkwe alicheka hadi machozi. Toka hapo kila ng'ombe akizaa anasema, ya mkwe kwanza! Kibuyu cha leo ni kikubwa zaidi, nimekichagua mimi. Nolasco naye umwonjeshe, yule mzee alinibebaga begani nikiwa mdogo.

Binti yako,
Stephania

Chonyonyo, 27 Julai 2023

Mwanangu,
Salamu zangu ni nzito leo. Nolasco tumemzika jana. Alianguka akichuma kahawa, hakufika hospitali. Moyo.

Simu sikutaka kupiga, maana mama yako angesikia. Ile Februari daktari aliniambia damu yangu imezidi mafuta, na mafuta hayo yanashika ndani ya mishipa inayolisha moyo kama ukoko unavyoshika sufuria, njia inabaki nyembamba. Akanikataza samli. Nami ndiyo kwanza nimepatana na nyumba yenu! Ningerudisha kibuyu, wangesema mzee kaanza tena. Basi samli yote nilikuwa nampa Nolasco. Alikuwa mwembamba kama kijiti cha maharage. Nilidhani ugonjwa huu ni wa wenye vitambi.

Ngoja, kuna kibaya zaidi. Mei aliniambia akipanda kutoka kisimani kifua kinambana, mkono wa kushoto unakufa ganzi. Mwanangu, dalili hizo nilizijua. Ni zangu zilezile. Lakini angekwenda hospitali angekatazwa samli, angeniuliza kwa nini nilimpa. Nikamwambia ni gesi, anywe tangawizi.

Tata yako

Songambele, 6 Agosti 2023

Tata,
Shikamoo, na pole. Nimelia hadi Projest akadhani ni wewe umekufa.

Kwa nini hukuniambia? Ningeimwaga samli mimi mwenyewe njiani nikamwambia mama mkwe umelamba vidole! Na mimi nilivyokuwa nachagua vibuyu vikubwa ili nisifiwe, ee Mungu wangu.

Nimemuuliza muuguzi wa hapa. Anasema ukoko huo hujengeka miaka mingi, samli ya miezi michache haimuui mtu peke yake. Nikapumua. Kisha nikaikumbuka ile gesi.

Nenda kwa Placidia, Tata, mjane wa Nolasco. Asisikie kwa mwingine. Na vidonge vyako umeze kila jioni, nakuomba.

Binti yako,
Stephania

Chonyonyo, 20 Agosti 2023

Mwanangu,
Marahaba. Mama yako kapona kikohozi. Vidonge nameza.

Nilikwenda. Nilimweleza Placidia yote, samli na gesi. Aliendelea kuchambua maharage. Halafu akasema Nolasco alijua. Mwaka jana walimpima damu wakamwambia hayohayo niliyoambiwa mimi, na samli wakamkataza. Placidia alipomgombeza alinitaja mimi kwa jina, akajibu, "Deo kapatana na binti yake, ananimegea furaha yake, mimi nimrudishie?" Akala.

Nikadhani ananisamehe. Nikasimama kuaga. Akasema, "Ila habari ya mkono, shemeji, hakuijua maana yake. Alikuuliza wewe kwa kuwa wewe alikuwa anakusikiliza. Ungesema nenda, angekwenda."

Nikakaa tena chini, Stephania.

Kibuyu chako amekiosha. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata msibani, kwa hiyo amekijaza kahawa ya kutafuna, ileile aliyoichuma Nolasco asubuhi ya mwisho. Kipo mezani. Mama yako anauliza mbona sitafuni.

Njoo ukichukue. Usilete kitu, mwanangu, njoo tu.

Tata yako