Ukurasa Nilioruka

Mbugangari, Gisenyi
Novemba 9

Kwa Shangazi yangu mpendwa Mukeshimana,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigali, wewe na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo, na Nyanya anakusalimu sana. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa naishiwa maneno.

Kwanza asante kwa bima ya ziada uliyomlipia Nyanya. Sasa nimeielewa: mituweli yake, ile bima ya afya ya kila mwananchi, inabeba sehemu kubwa ya matibabu, na hii ya pili inabeba kile kinachobaki kwa mgonjwa, pamoja na miwani. Mwezi uliopita aliondolewa mtoto wa jicho, na daktari alisema imekwenda vizuri. Bila wewe angekuwa bado anashona kwa kupapasa.

Unakumbuka mwezi wa Julai alikwenda hospitali mapema, akarudishwa. Alikuwa amekwisha kumpa fundi mwingine vitambaa vya harusi ya kina Kampire, akakosa kazi ya msimu mzima. Ulimwambia kwamba uzee una haraka. Alicheka tu, akakubali.

Shangazi, haraka haikuwa yake. Wakala wa bima hiyo, Bwana Twagirimana, alipoleta kijitabu chake cha Kifaransa, Nyanya alinipa mimi nimsomee, maana hapa mtaani wananiita Profesa. Ukurasa wa nne sikuuelewa. Niliona aibu kuuliza mbele ya wateja wa Nyanya wa kushonewa, nikauruka, nikamwambia Nyanya kadi inafanya kazi tangu siku ya kwanza. Ukurasa huo ndio uliosema asubiri miezi mitatu.

Tukirudi kutoka hospitali nililia njia nzima. Nyanya akaniambia, "We, nyamaza. Hii iko yetu wawili. Lakini kesho utarudi kwa Twagirimana, utauliza. Mudomo haina kodi."

Nilikwenda. Alinieleza karibu nusu saa, wala hakunicheka. Sasa wazee wawili wa jirani wananiletea vijitabu vyao, na nisipoelewa nauliza, hata mbele ya watu.

Nisamehe, Shangazi. Nyanya alinifichia siri. Mimi nimechoka kuona lawama yangu ikikaa kwake.

Jana alichukua sindano. Tangu darasa la pili mimi ndiye ninayemtungia uzi, kwa hiyo nilinyoosha mkono kama kawaida. Hakunipa; alitunga uzi mwenyewe.

Wasalimie watoto. Mungu akujalie uzee wenye macho mazuri.

Mtoto wa kaka yako,
Saidati