Mtani Niliyempata Kambini

Kambini, Marekani
28 Julai 2025

Kwa mke wangu kipenzi, Bi Mastura, Mikindani.

Shikamoo mke wangu. Goti linaendeleaje? Mimi mzima kama chuma cha reli. Mwambie jirani yako Tatu, naye awaambie wa sokoni, kwamba mumeo ndiye kiumbe mgumu kuliko wote waliowahi kuvuka Ruvuma, mamba wakiwemo. Jana nimemgonga Mmarekani wa kilo mia na thelathini, akapaa, akatua kwa mgongo, akaanza kumwita mama yake. Kiatu chake kimoja mpaka sasa hakijaonekana.

Usiseme nadanganya. Huu si mpira ule wa Magomeni. Wenyewe una umbo la yai, unabebwa kwapani, na kazi yangu ni kumwangusha anayeubeba. Ndiyo maana tunavaa kofia ngumu zenye vyuma mbele ya uso. Hata nzi akitaka kukutua puani lazima aombe njia. Huko Kanada kwa mjomba nilikuwa mfalme, lakini ajira yenyewe iko huku, na tuliokuja kujaribiwa ni wengi kuliko nafasi. Wakanada tuko wawili, mimi na Brian, chumba kimoja. Yeye ni mdakaji, ana viganja kama makasia. Wamarekani wanatucheka, eti kwetu tunacheza na dubu. Basi tunawaumiza.

Shule ilinishinda, unajua. Mjomba naye kanichoka. Huku nikikosa sina pengine. Ila nitakosaje mimi?

Mumeo,
Muzamil

*

Mikindani
2 Agosti 2025

Kwa mume wangu asiye na ndevu.

Marahaba. Goti lipo, linaniamsha kabla ya adhana. Dada yako Shadya ndiye ananiandikia kwenye simu yake, akichomekea lake, mtajuana wenyewe. Hicho kiatu cha watu umekila? Wewe uliyekimbizwa na bata wa Tatu mpaka ukapanda paa la choo! Tatu anakusalimu, bata pia.

Sasa sikiliza. Huyo Brian mfanye mtani wako, maana ugenini mtu hakai bila mtani. Umesahau tulivyomzika babu yako Chande kule Mahurunga? Mimi nimekauka, sili wala silii. Mikaeli mtani wetu akavaa kofia ya babu yako, akatwaa na mkongojo wake, akachechemea mbele ya jeneza anakohoa na kudai chai yenye sukari nyingi. Nilicheka mpaka machozi yakapata njia. Jioni nikanywa uji. Mwenye mtani hafi na kihoro.

Mkeo mkubwa,
Bibi

*

Kambini
9 Agosti 2025

Mke wangu,

Shikamoo. Nyumbani hamjambo? Bata mwambie ajiandae, nikirudi nachinja.

Huku ni damu tu. Juzi jamaa mmoja kavunjwa mguu mbele yangu, mfupa ukachungulia nje kama unauliza kuna nini. Jana mimi nimeng'olewa ukucha, nikautema, maana kidole nilikuwa nimekiuma mwenyewe nisipige kelele. Aliyenikanyaga nilimrudia mchezo uliofuata, nikamzamishia bega mbavuni, akatapika kifungua kinywa chote. Kocha kaandika kitu kwenye karatasi yake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba.

Brian ndiye hatari. Anaruka, anaudaka mpira kwa vidole vitatu, anaangukia shingo na bado hauachii. Kila mtu anasema huyo ameshapita. Nimemweleza kwamba kuanzia leo ni mtani wangu. Akasema sawa. Nadhani alifikiri ni kitu cha kula. Namwita chura wa barafu, naye ananiita kuni mbichi. Tunaelewana!

Baba yake humpigia simu kila jioni, sauti inakwaruza kama ya Mikaeli: "Shika mpira, mwanangu!" Mimi humwigiza mzee yule, Brian anacheka mpaka anashika tumbo. Ana kofia nyekundu ya sufu ya huyo baba yake, kapewa ya bahati, kaitundika juu ya kitanda.

Mumeo simba,
Muzamil

*

Kambini
21 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Nimetolewa. Jitu moja la Kimarekani lilinivaa katikati ya mchezo, likanipiga ngumi, taya likavunjika. Limefungwa nyaya, nakunywa supu kwa mrija. Lakini na lenyewe nililiacha linachechemea. Brian naye katolewa.

Muzamil

*

Mikindani
22 Agosti 2025

Mjukuu wangu,

Pole, baba. Pole sana. Nimelia, halafu nikamwambia Shadya anisomee tena barua yako ya kwanza. Ulisema uso wenu una vyuma hata nzi haingii. Hiyo ngumi ilipita wapi? Na huyo Brian aliyekuwa ameshapita, katolewa kwa lipi?

Mimi nimekulea. Ukinipigia chuku za kiatu nacheka, ila hii haichekeshi. Nani kakupiga?

Bibi yako

*

Kwa mjomba, Kanada
26 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo. Goti lako naliombea dua. Hapa kwa mjomba wote wazima.

Hakuna Mmarekani aliyenigusa.

Simu ililia asubuhi, tunafunga viatu. Baba yake Brian kafariki. Brian akakaa kitandani, amekauka, halii, macho makavu kama yako siku ile Mahurunga. Nilimwonea huruma, Bibi. Nikaona kazi ya mtani imefika, na mtani mwenyewe ni mimi. Nikaitungua ile kofia nyekundu, nikaivaa, nikapita mbele yake nimejishika kiuno, sauti nimeikwaruza: "Shika mpira, mwanangu! Mimi nimechoka, nakwenda kulala!" Waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma. Nikadhani haijamwingia, nikaongeza: "Na mama yako sasa namwoa mimi."

Ngumi ya kwanza ndiyo ya taya. Nikaanguka kando ya ukuta. Ya pili, na aliirusha kwa nguvu zake zote, ikanikosa, ikaingia ukuta wa zege. Nilisikia vidole vyake vikikatika kama muhogo mkavu. Hakupiga hata kelele. Akaendelea kunipiga kwa mkono uleule, vidole vimegeukia nyuma, mpaka watu wanne wakamvuta.

Mimi kutolewa si kitu. Taya linaunga. Yeye ni mdakaji, na daktari alipoushika ule mkono alitikisa kichwa. Amekwenda kumzika baba yake mkono umefungwa plasta. Nampigia, hapokei. Kofia nilibaki nayo kichwani mpaka hospitali, nimeifua, damu yangu haitoki.

Umeniuliza ni nani. Ni mimi, Bibi. Nililala pale sakafuni, mdomo umejaa meno na damu, na bado nilikuwa namtazama usoni, nangoja, maana wewe pia ulichelewa kidogo siku ile.

Hakucheka.

Mjukuu wako,
Muzamil