Tuyo ya Bibi Yangu, Kioo ya Mwalimu

Salamabila, siku ya Mungu

Yaya Feza,

Jambo yako, jambo ya nyumba yote. Goti yako iko namna gani? Ile majani nilikuambia upashe moto na mawese, ulifanya ao uliacha? Shemeji kikohozi imemutoka? Mutoto wangu Sifa anakula? Na mihogo ya nyuma ya nyumba, nguruwe za watu zimeiacha? Unijibu yote, usiruke kitu. Kwa telefoni ulisema neno moja tu, ukanitukana, halafu rezo ikakatika.

Mi niko muzima. Mukono ya kuume inauma, lakini iko mahali yake.

Kazi yangu huku iko ile ile ya kwetu: kupatia watu upepo. Wachimbaji wanashuka ndani ya shimo, mi ninabaki juu na mivuba ya bashi, ile mifuko ya turubai ya kusukuma upepo. Nikipompa, upepo inashuka ndani ya tuyo, ile bomba ya plastiki, mupaka kule chini. Wakivuta kamba, njo kusema ongeza. Nikiacha, wanakufa. Wakipata zahabu, wao njo wamepata. Watu wanawabeba na nyimbo. Mi ninafunga bashi yangu, ninaenda kutafuta bugali. Sina neno. Nilizoea tangu kwa kinanda ya kanisa.

Sasa tuingie kwa ile neno yako. Ulisema: «Mulamba, rudisha ile tuyo ya kinanda. Feti, siku kuu ya kinanda, imekaribia, Sifa ataimba wimbo ya mama yake, na pale pa kuanzia kinanda inatoa fuuu tu sawa nyoka. Unatutia haya.» Ukasema tena Mwalimu Onorati, mupiga kinanda, njo atasoma historia ya kinanda mbele ya watu. Ati wapadri waliileta, yeye aliipiga, na wakristu wa kwetu walisaidia.

Walisaidia! Yaya, kusaidia iko kumupokea mutu kikapo.

Nani alitoa ile mabomba ya kinanda Nyangwe, kule boti iliyaacha? Babu yetu. Ile tuyo kubwa kuliko zote, yeye na mwenzake waliifunga na blanketi, wakaibeba kwa mabega, mumoja mbele, mumoja nyuma. Unajua mwenyewe kitu ndefu yenye kufungwa na blanketi inafanana na nini. Kila kijiji walipita, wamama walitoka wakajitupa chini, wakalia. «Ni nani? Ni nani amekufa?» Babu alikuwa amechoka, hakutaka maneno mingi. Akajibu: «Mugeni.» Wakalia zaidi, juu ya sababu mugeni kufa mbali na mama yake iko huruma. Wakawaletea maji ya kunawa mikono, wakawapikia chakula ya matanga, samaki na wali. Wabebaji wakala. Walikula ile matanga tangu mutoni mupaka kwetu. Padri alipofungua blanketi, wale wenye walifuata kwa kuzika wakaona chuma. Mama mumoja akasema: «Basi nirudishieni machozi yangu.»

Hiyo Mwalimu hataisoma. Kinanda ile watu waliililia kabla yenyewe haijalia.

Na juu ya sababu babu alikuwa muhunzi, alijua mivuba, padri akamupatia upepo ya kinanda. Kisha babu, baba. Kisha baba, mi. Upepo iko yetu. Vidole iko ya yeye mwenye alijifunza. Nilikubali. Kitu moja tu sikukubali, na wewe unaijua.

Kioo.

Wewe ulikuwa unakaa mbele na wamama, haujui namna iko kule nyuma. Kuko ukuta, kuko muti ya kupompa, kuko mujusi. Basi. Mwalimu anakaa upande ingine, anapatia korali ya waimbaji mugongo, lakini juu ya kinanda walimutungikia kioo, ati aone padri kwa altare. Kati ya kioo na padri, nani anasimama? Korali. Mbele ya korali, nani? Apolina.

Mi nilimujua Apolina kwa sikio. Unakumbuka nilikuuliza: «Yaya, ule anaanzisha wimbo ya matoleo ni nani?» Ukacheka mupaka ukashika tumbo. «Ule? Mwenye meno imeachana? Ule anauza pilipili? Wewe, kila siku unapita kwake, haumusalimie!» Kesho yake nikaenda kununua pilipili. Nikanunua tena. Tulikula pilipili kwetu mupaka baba akauliza kama ninataka kumuua.

Nikamuoa. Lakini nyumbani hakuimba, Yaya. Anatwanga sombe, majani ya mihogo, anaimba na kinywa imefungwa, mmm mmm, sawa mutu anatafuta kitu imepotea. Ninamuambia: «Imba basi.» Ananijibu: «Hapa haiko kanisa. Na wewe hauko padri.» Kanisani anafungua kinywa, mi niko nyuma na mujusi. Miaka yote. Sijaona bibi yangu akiimba hata mara moja. Onorati alimuona kila siku ya Mungu, kila misa.

Siku moja kisha misa, mbele ya wanaume, Onorati ananiambia: «Mulamba, bibi yako akiimba anafunga macho. Halafu anafungua moja, ananichungulia ndani ya kioo kama nimekosa.» Wanaume wakacheka. Na mi nikacheka. Nikafika nyumbani, nikasukuma sahani ya bugali kando.

Apolina akaniuliza: «Nini?»

Nikasema: «Kumbe unafunga macho.»

Akanielewa mara moja. Akaweka mwiko chini. «Mulamba. Mutu mukubwa, mwenye ndevu, unaonea kioo wivu?»

Nikajibu: «Ndiyo.» Hadi leo jibu yangu iko ile.

Kisha vita ikakuja. Wenye bunduki walikuwa wanachukua kila chuma, na wakristu wakasema kinanda tuifiche. Wakaing'oa, kila nyumba ikapewa tuyo yake. Wengine walizika ndani ya shamba, wengine walifunga chini ya kitanda. Mama mukwe yako, sitaki kumuchekesha ndani ya kaburi yake, lakini yake aliweka kwa mutungi akapikia lutuku, ile pombe kali. Na vita ilipoisha akairudisha, safi, amesugua na muchanga. Siku ya misa ya kwanza ninapompa, kanisa yote inanuka lutuku. Wazee wakafunga macho, wanasali vizuri sana. Hiyo pia Mwalimu hataisoma.

Lakini sikiliza namna Apolina alipewa yake. Wengine walichukua yenye waliikuta. Yake Onorati alimuchagulia. Mi nilikuwa pale, mikono yangu imejaa mbao ya mivuba. Akatafuta, akatafuta, akatoa ile ndogo, urefu ya mukono tangu kiwiko. Akamuambia: «Mama Sifa, sauti yako inaanzia hapa. Chukua hii.»

Mi bwana yake nimekaa naye nyumba moja, sikujua sauti yake inaanzia wapi. Yeye alijua.

Apolina akaifunga ndani ya kitenge, akakimbia nayo pori, Sifa mugongoni, tuyo kifuani. Masufuria tuliacha. Nikamuambia tupa ile chuma, beba sufuria. Akakataa. Tukachoma mihogo kwa moto sawa nyani. Njo pale nilijua haiko chuma tu.

Apolina alipokufa na ile ugonjwa ya tumbo, kinanda ilikuwa bado haijajengwa yote, tuyo yake iko bado nyumbani. Onorati akakuja kwa kilio, akakaa, akalia kuliko watu wote. Bibi yake iko muzima, anamupikia, anamufulia shati ya misa. Na Onorati iko na bibi yangu ndani ya macho, kinywa imefunguka, sawa picha. Mi niko na mmm mmm ya sombe. Matanga ilipoisha, akaniuliza pole pole: «Mulamba, na ile tuyo?» Nikamuambia hapana. Nikakuja nayo huku. Sikuiba. Bibi yangu alipewa kuilinda, na mi niko bwana yake. Padri alituma mutu, nikasema hapana. Wewe ulituma mutu, nikasema hapana. Yeye iko na picha, mi niwe na chuma. Niliona iko haki.

Sasa nikuambie kitu ya siku hizi, kisha nitakujibu.

Huku kambini, siku ya Mungu hatushuke kwa shimo. Ninakaa mbele ya hema, ninafungua kitenge, ninaipuliza na kinywa. Jirani yangu ni Baruti, mutu wa Fizi, Mwislamu, anauza betri na sabuni. Mara ya kwanza alinivumilia. Kisha akasema: «Jirani, ile filimbi yako iko mugonjwa.»

Nikasema: «Haiko filimbi. Iko sauti ya bibi yangu.»

Akasikiliza tena. «Bibi yako alikuwa na kikohozi?»

Nilitaka kumupiga. Lakini Yaya, alisema kweli. Inatoka sauti ya chini, inatetemeka, inakatika. Haiko yeye. Nimejaribu asubui, nimejaribu kisha kula, nimejaribu tumbo bila kitu. Haiko yeye. Baruti anasema: «Unamupuliza sawa moto ya kuni mbichi. Hatawaka.» Nikaibeba mupaka kwa mivuba yangu ya bashi, nikaifunga kwa kinywa ya tuyo ya plastiki, nikapompa. Ikalia sawa mbuzi. Wachimbaji wakatoka mahemani kuona mbuzi iko wapi, juu walitaka kuinunua.

Njo nikakaa chini, nikafikiri. Ile tuyo inataka sanduku yake. Inataka upepo yangu, ile ya babu, ya pole pole, haiko ya bashi. Na inataka kidole ya Onorati. Bila kidole yake, Apolina hatatoka. Nimechukia ile neno siku nyingi. Nimeizunguka sawa mutu anatafuta mulango ingine ya nyumba. Haiko.

Na ulisema Sifa anafanana na mama yake akifungua kinywa. Nani alikuambia? Ni Onorati. Ameisha kumuona! Mutoto wangu! Katika kioo! Mi baba yake sijamuona.

Basi jibu yangu njo hii. Tuyo nitaileta. Sitaituma kwa motari wa pikipiki, njia ya Wamaza imeharibika, ataikunja. Nitaileta mwenyewe, nitaiweka ndani ya tundu yake na mikono yangu. Kisha nitaenda nyuma, nitapompa, juu upepo iko yetu, na ule binamu yetu munamuweka sasa anapompa sawa mutu anafukuza kuku.

Lakini umuambie Onorati: tuyo kwa kioo.

Aitoe juu ya kinanda, aitungike kule nyuma, kwa ukuta yangu, pale mujusi anakaa. Usiniambie ninunue ingine. Salamabila vioo iko mingi, Baruti ananiuzia hata kubwa yenye maua pembeni. Sitaki. Ninataka ile ile. Ile njo ilimuona Apolina. Onorati anaweza kuniambia kioo haibaki na kitu. Muambie ninajua. Ninaitaka tu.

Na asiseme bila kioo hataona padri. Amepiga ile misa miaka yote, padri hajahama pale. Akikataa, tuyo inarudi huku, na feti mutafanya na nyoka yenu.

Historia asome sawa anavyotaka. Atie wapadri, ajitie yeye mwenyewe. Babu aliisha kula matanga yake, hana deni na mutu.

Unisalimie shemeji, bwana yako, umuambie aache tumbaku, kikohozi haiko ya baridi. Unisalimie baba mudogo Kitenge, na mama mudogo mwenye kutusukia vikapo. Mama mukwe yangu, mama ya Apolina, umupelekee ile sabuni nimefunga pamoja na barua, umuambie mukwe wake hajaoa tena. Sifa umuambie hivi tu: siku ya feti asifunge macho. Akifunga, afungue moja, aangalie kwa kioo. Mi njo nitakuwa ndani.

Onorati aangalie vidole yake.

Ni mi, mudogo wako,
Mulamba, mutu wa upepo